Njia ya Mzigo Katika Trekta Dogo

Chota mchanga mbichi kwa beleshi, kisha linyanyue. Mkono wa mbele unaelemewa, na mtu huweza kudhani kwamba wa nyuma umepumzika. Haujapumzika hata kidogo. Unakandamiza mpini chini kwa nguvu, na ukiuachia tu mpini utaruka na mchanga utamwagika. Kwa hiyo mkono wa mbele unabeba mchanga, na juu yake unabeba pia msukumo wa mkono mwenzake.

Trekta la bustani lililofungwa kijiko mbele hufanya kazi vivyo hivyo. Ekseli ya mbele ndiyo mkono wa mbele, na ekseli ya nyuma ndiyo inayokandamiza. Anayetaka kujenga fremu ya kubebea kijiko hicho aanze hapo, kabla hajawasha mashine ya kuchomelea.

Matrekta haya yalienea Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wheel Horse yalitoka South Bend, Indiana; Cub Cadet yalitoka kwa International Harvester mwanzoni mwa miaka ya 1960. Yalinunuliwa na wenye nyumba waliotaka kukata nyasi, kulima bustani na kusukuma theluji. Mengi bado yanawaka, na wenyewe huyatengenezea vijiko gerejini kwao. Shida ni kwamba fremu ya trekta kama hilo mara nyingi ni bamba la chuma lililokunjwa, likafungwa kwa bolti chache kwenye gia boksi ya nyuma. Kwa kukata nyasi linatosha kabisa. Kijiko kina madai mengine.

Tupige hesabu. Tuseme kutoka ekseli hadi ekseli ni mita 1.2, na katikati ya kijiko iko mita 0.9 mbele ya ekseli ya mbele. Kijiko na udongo wake vina kilo 150. Ekseli ya mbele itaongezewa kilo 262, nayo ya nyuma itapunguziwa kilo 112. Uzito uliohama kutoka nyuma kwenda mbele umepita ndani ya chuma kilichopo katikati, na umekipinda ulipokuwa ukipita. Ndiyo maana fremu ya ziada inayoishia tumboni mwa trekta ni hatari. Pale inapokoma, chuma kigumu kinapakana ghafla na bamba laini, na bamba hilo ndilo litakalopasuka. Fremu ifike mpaka kwenye ekseli ya nyuma na ikamatane nayo huko.

Nguzo mbili zinazoshika mikono ya kijiko zina mateso yao pia. Mkono ukiwa na urefu wa mita 1.5, na jeki ya haidroliki ikiusukuma sentimita 20 tu kutoka kwenye pini ya juu inayouunga na nguzo, kuinua kilo 150 zile kunazitaka jeki zote mbili kwa pamoja zisukume kwa nguvu inayozidi tani 1. Pini inavutwa upande mmoja, mguu wa jeki unasukumwa upande mwingine, na nguzo iko katikati ya ugomvi huo. Sioni sababu ya kubania bamba za pembe tatu chini ya nguzo.

Lakini linalosahaulika zaidi ni kusokotwa. Ekseli ya mbele ya matrekta haya huning'inia kwenye pini moja ya katikati ili magurudumu yafuate mabonde na matuta. Trekta basi linasimama kama chungu juu ya mafiga matatu: magurudumu mawili ya nyuma na pini ile. Kona moja ya kijiko ikikwama kwenye mzizi, ekseli ya mbele haisaidii kitu. Msokoto wote unasafiri kwa urefu wa fremu hadi nyuma.

Hapa umbo la chuma lina maana kuliko uzito wake. Chukua kasha tupu la dawa ya meno, funga ncha zake, ujaribu kulisokota, linakataa. Lipasue kwa wembe ubavuni kutoka mwisho hadi mwisho, nalo linalegea mkononi. Bomba la mraba la milimita 50 lenye unene wa milimita 4 likipasuliwa namna hiyo hubakiwa na takriban sehemu moja kwa mia ya ugumu wake dhidi ya msokoto, ingawa chuma ni kilekile. Chaneli iliyo wazi upande mmoja ina udhaifu huohuo. Mimi ningetumia bomba lililofungwa, bila kusita.

Bomba likipinda, upande mmoja unavutwa, wa pili unabanwa, na katikati ya kimo chake chuma hakivutwi wala hakibanwi sana. Matundu ya bolti yatobolewe hapo. Wanaofunga bodi za tipa juu ya chesisi za malori wanaijua kanuni hii: toboa ubavuni, usiguse kingo za juu na chini.

Uchomeleaji nao uheshimu kingo hizo, na sababu yake ina historia. Mwaka 1842 ekseli ya garimoshi ilivunjika karibu na Versailles, Ufaransa, na watu wengi wakafa. Miaka iliyofuata August Wöhler, mhandisi wa reli wa Ujerumani, alionyesha kwamba chuma kinachobeba na kuachia mzigo mara maelfu kwa maelfu huvunjika kwa nguvu ndogo kuliko ile ya kukivunja mara moja. Kwenye fremu yetu ufa hupenda kuanzia ukingoni mwa mshono wa kuchomelea, hasa mshono unaokatiza bomba kwa upana. Mshono uende kwa urefu, ubavuni.

Kwenye trekta lenyewe fremu ifungwe kwa bolti. Gia boksi nyingi ni za chuma cha kumimina, ambacho hupasuka kwa urahisi kikichomelewa. Bolti moja ya milimita 12 ya daraja la 8.8 ikikazwa sawasawa hubana kwa karibu tani 4, na ni mbano huo unaozuia bamba mbili zisiteleze.

Nyuma uwekwe uzito, kama mchukuzi wa mzega anavyosawazisha madebe yake. Kilo 75 zikining'inia mita 0.6 nyuma ya ekseli zinairudishia kilo zote 112 ilizopoteza. Hiyo ni zege ya lita 31 tu.

Baada ya wiki chache za kazi, safisha mishono na uipake mafuta ya taa. Ifute hadi ikauke, kisha paka vumbi la chaki na uinue kijiko kilichojaa. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake yatapanda, na juu ya weupe wa chaki utauona mstari mwembamba mweusi.