Mtihani wa midundo ya moyo: maandalizi huanza wodini

Mtu akizimia ghafla na kuanguka, wengi wetu hufikiria kifafa. Wakati mwingine si kifafa. Moyo umepiga polepole mno, au umesimama kwa sekunde kadhaa, na damu haikufika ubongoni. Mgonjwa kama huyo anaweza kumeza dawa za kifafa kwa miaka bila nafuu, ilhali anachohitaji ni kifaa chenye betri kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua ili kuuchochea moyo upige. Kifaa cha kwanza cha aina hiyo kiliwekwa mwilini nchini Uswidi mwaka wa 1958. Mgonjwa huyo, Arne Larsson, alifariki mwaka wa 2001.

Vifaa hivi huhitaji mtaalamu wa kuvipima na kuvirekebisha, na si lazima awe daktari. Bodi ya kimataifa ya watahini wa midundo ya moyo, IBHRE, iliyoko Marekani, hutahini madaktari, na pia wauguzi na mafundi wanaohudumia wagonjwa wa moyo. Maswali ni ya kuchagua jibu, lakini asijidanganye mtu kwamba atabahatisha. Mengi huja na mchoro wa moyo, na asiyezoea kuusoma atamaliza muda akihesabu visanduku.

Kwa hivyo maandalizi huanzia kwenye mashine ya ECG ya wodini. Karatasi ikikimbia kwa kasi ya kawaida ya milimita 25 kwa sekunde, kisanduku kidogo ni sekunde 0.04 na kikubwa ni 0.20. Gawanya 300 kwa idadi ya visanduku vikubwa kati ya pigo moja na jingine. Visanduku vinane ni takriban mapigo 38 kwa dakika, chini sana ya 60 hadi 100 yanayotarajiwa kwa mtu mzima aliyetulia. Kisha pima muda kutoka mwanzo wa wimbi la P hadi mwanzo wa QRS, ambao kwa kawaida ni sekunde 0.12 hadi 0.20. Soma michoro michache kila siku, uandike jibu lako kabla ya kutazama lililochapishwa na mashine. Mashine nayo hukosea.

Baada ya hapo njoo kwenye vifaa vyenyewe. Herufi kama VVI huwatisha wengi bure: ya kwanza ni chumba cha moyo kinachochochewa, ya pili ni kinachosikilizwa, na I ya mwisho ina maana kwamba kifaa hunyamaza moyo ukipiga wenyewe.

Mtego unaopaswa kueleweka vizuri ni wa sumaku. Ukiiweka juu ya kifaa cha kuchochea mapigo, kwa kawaida kitachochea bila kuusikiliza moyo. Ukiiweka juu ya kile cha kushtua moyo unaokwenda mbio kupita kiasi, kwa kawaida huzuia mshtuko tu, na uchochezi huendelea kama ulivyopangwa. Anayechanganya haya mawili hupoteza alama katika mtihani. Katika chumba cha upasuaji, anaweza kumpoteza mgonjwa.

Kabla ya kulipa ada yoyote, soma masharti ya bodi kuhusu uzoefu wa kazi unaohitajika, na uanze mapema kuweka rekodi za wagonjwa uliowahudumia chini ya msimamizi, bila majina yao.