Jinsi Sauti Iliyorekodiwa Inavyopotea Ndani ya Kompyuta

Kwa miaka mingi sauti za wazee na za waimbaji wa Tanzania zilihifadhiwa katika kanda za sumaku, kama zile za maktaba ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Kanda ina adui zake, nao ni vumbi, joto na unyevu. Hata hivyo, aliyeishika mkononi alijua kwamba ameishika sauti yenyewe. Katika kompyuta sivyo. Mtu aweza kuwa na faili lenye jina sahihi na tarehe sahihi, na ndani yake msiwe na sauti yoyote.

Jambo hili lina uzito kwa shule za nyanda za juu za Kigoma. Kuanzia Kibondo hadi Kasulu lugha ya wenyeji ni Kiha, na ngano, methali na nyimbo zake nyingi zingali vinywani mwa watu kuliko vitabuni. Wanafunzi wa Nyakitonto wenye simu na kompyuta moja waweza kuzirekodi ngano hizo kwa ridhaa ya wasimulizi. Lakini rekodi ikipotea, huenda msimulizi asipatikane tena. Kwa hiyo yafaa kuelewa sauti inakaaje ndani ya kompyuta, na inapoteaje.

Sauti kuwa namba

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Maikrofoni huugeuza mtikisiko huo kuwa umeme unaopanda na kushuka, kisha kompyuta huupima umeme huo mara nyingi kila sekunde. Kila kipimo huitwa sampuli. Kiwango kinachotumika sana ni sampuli 44,100 kwa sekunde. Sababu yake ni kwamba sikio la binadamu husikia hadi mitikisiko ipatayo 20,000 kwa sekunde, na kanuni hutaka idadi ya vipimo izidi mara mbili ya hiyo.

Kila sampuli ikiandikwa kwa biti 16, yaani baiti 2, mkondo mmoja wa sauti huhitaji baiti 88,200 kwa sekunde, au megabaiti zipatazo 317 kwa saa. Programu ya Audacity, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000 na inayopatikana bila malipo, kwa kawaida hutumia biti 32 wakati wa kuhariri ili hesabu zisipoteze usahihi. Hapo saa moja hudai megabaiti 635, na kwa mikondo miwili hudai maradufu.

Kuhifadhi na kutoa

Kosa kubwa kuliko yote ni kudhani kwamba kuhifadhi na kutoa ni kitu kimoja. Mhariri anapohifadhi, programu huweka mradi: vipande vya sauti, mahali vilipokatwa, na maagizo ya kuviunganisha. Mradi ni kama kanzu iliyo bado mezani kwa fundi cherehani. Vitambaa vimekatwa na kushikizwa kwa pini, na bado waweza kubadilishwa. Kutoa ni kushona. Programu huchanganya vipande vyote na kuandika faili jipya la sauti, mathalani la WAV au MP3, ambalo simu na redio zinaweza kulicheza. Basi faili likikataa kufunguka katika simu, yaelekea limehifadhiwa tu, halijatolewa. Tiba ni kulifungua tena katika programu yake na kutumia amri ya kutoa.

Makosa mengine na tiba yake

1. Mradi unafunguka bila sauti. Katika matoleo ya Audacity yaliyotangulia lile la 3.0 la mwaka 2021, mradi ulikuwa na sehemu mbili: faili dogo la maagizo, na folda ya vipande vya sauti. Aliyenakili faili dogo peke yake alichukua maagizo akaiacha sauti. Tiba ni kurudi kwenye kompyuta ya awali na kuichukua folda hiyo. Tangu toleo la 3.0 vyote hukaa katika faili moja.

2. Kuhifadhi kunakatika njiani. Mara nyingi diski imejaa. Programu hutunza pia hatua zilizokwisha kufanywa ili mhariri aweze kurudi nyuma, nazo hula nafasi. Nafasi ipimwe kabla ya kurekodi. Aidha, mradi uhifadhiwe katika diski ya kompyuta, wala si moja kwa moja katika flashi.

3. Jina linakataliwa. Mfumo wa Windows haukubali alama kama mkwaju, nukta mbili na alama ya kuuliza katika jina la faili. Tarehe iliyoandikwa 12/5 itakataliwa, 12-5 itakubaliwa.

4. Faili lililotolewa ni kimya, au sauti yake inapasuka. Mkondo ulionyamazishwa wakati wa kuhariri hautolewi. Kadhalika, masimulizi na ngoma vikichanganywa, namba zake hujumlishwa. Biti 16 haziwezi kubeba zaidi ya 32,767, na kinachozidi hukatwa. Tiba ni kupunguza nguvu ya mikondo, kisha kutoa upya.

5. Umeme umekatika. Audacity ikifunguliwa tena huuliza kama irejeshe kazi ambayo haikuhifadhiwa. Hapana budi kukubali. Anayekataa kwa haraka hufuta kile ambacho kingeokolewa.

WAV au MP3?

Faili la MP3 la kilobiti 128 kwa sekunde huchukua megabaiti 57.6 tu kwa saa. Wepesi huo una gharama: hutupwa zile sehemu za sauti ambazo sikio haliwezi kuzitambua kwa urahisi, na zikishatupwa hazirudi. Anayefungua MP3, akaihariri na kuitoa tena kwa MP3, hutupa mara ya pili. Kwa hiyo WAV iwe asili ya kutunzwa, na MP3 iwe nakala ya kusambazwa.

Utaratibu wa kufuata

Kwanza, mradi uhifadhiwe mara tu kurekodi kunapokwisha, kabla ya kuhariri. Pili, rekodi nzima itolewe kwa WAV, na jina la mahali na tarehe viandikwe. Tatu, nakala mbili ziwekwe katika vyombo viwili tofauti, na flashi isichomolewe kabla kompyuta haijaruhusu. Nne, nakala ichezwe katika chombo kingine, na mtu aisikilize mwanzo, katikati na mwisho. Hatua hiyo ya nne ndiyo kipimo cha kweli, kwa kuwa jina la faili halithibitishi kilichomo. Rekodi iliyo katika simu isifutwe kabla ya hapo.

Zoezi kwa wanafunzi

Flashi moja ina nafasi ya megabaiti 8,000. Tafuta itabeba saa ngapi za masimulizi ya mkondo mmoja (a) kwa WAV ya biti 16, na (b) kwa MP3 ya kilobiti 128. Majibu: (a) saa 25 hivi, (b) saa 139 hivi. Kisha jadilini: shule yenye flashi moja tu itunze nini kwa WAV, na nini kwa MP3?