Kabla ya kutupa ndoana, itazame bahari kwanza

KUVUA samaki kwa mshipi ukiwa umesimama juu ya mwamba ni starehe isiyomgharimu mtu pesa nyingi. Huhitaji mashua wala injini. Mshipi wa nailoni, ndoana chache, chubwi na chambo cha kamba au ngisi vyatosha. Ndiyo maana jioni utawaona watu, wakubwa kwa wadogo, wamesimama juu ya majabali ya Mombasa, kila mmoja akingojea mshipi uguswe.

Kwa mfanyakazi wa mjini anayeshinda ameketi ofisini, mchezo huu una manufaa kiafya. Utatembea, utanyoosha mikono, utavuta hewa safi na kusahau kwa muda shughuli za kazi. Ukibahatika kurudi na changu wawili watatu, jamaa yako itapata kitoweo chenye protini nyingi na mafuta kidogo.

Hata hivyo, msomaji, ikiwa unapanga kujaribu uvuvi huu kwa mara ya kwanza, pengine wakati wa likizo ya Desemba ambapo watu wengi kutoka bara huteremka Pwani, kuna jambo unalopaswa kulielewa kabla ya kununua ndoana. Mtu anayekwenda kuogelea hujua kwamba ataingia majini, kwa hivyo hujitayarisha. Mvuvi wa mwambani hana nia ya kuingia majini hata kidogo. Amevaa suruali na viatu, ana kisu kiunoni, na huenda hajui kuogelea. Wimbi likimchukua, humkuta hajajiandaa kabisa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka wa 2021. Nchini Australia, ambako mchezo huu unapendwa sana, vifo vya wavuvi wa miambani viliifanya serikali ya jimbo la New South Wales kupitisha sheria mwaka wa 2016 ya kuwalazimisha kuvaa jaketi za kuokoa maisha katika sehemu zilizotajwa kuwa hatari. Hapa kwetu, jukumu hilo ni lako mwenyewe.

Jua saa ya maji

Jambo la kwanza ni kujua maji yatajaa saa ngapi na yatakupwa saa ngapi. Bahari yetu hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kupwa hadi kujaa ni muda wa saa sita na dakika chache, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Kwa hivyo, saa uliyovua salama Jumamosi iliyopita si lazima iwe salama Jumamosi hii.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni wakati wa bamvua. Maji hujaa sana na kukupwa sana, na mjini Mombasa tofauti kati ya kujaa na kupwa yaweza kukaribia mita nne. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo. Anayeanza afadhali aanze siku za maji mafu.

Siku za bamvua, bahari ya Mombasa hukupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na kujaa mnamo saa kumi au saa kumi na moja jioni. Hapo ndipo mtego ulipo. Mgeni hufika asubuhi baada ya kunywa chai, akaona miamba iko wazi na mikavu, akatembea hadi ukingoni kabisa. Samaki wanaanza kula. Saa zinapita.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Tuseme siku hiyo tofauti ni mita 3.6. Katika saa ya kwanza maji yatapanda kwa kiasi cha sentimita 30 tu, jambo ambalo huenda usiligundue. Saa ya pili ni sentimita 60. Kisha katika saa ya tatu na ya nne yatapanda sentimita 90 kila saa, yaani mita 1.8 kwa jumla. Hicho ni kimo cha mtu mzima aliyesimama! Ikiwa maji yalikupwa saa nne asubuhi, basi kati ya saa sita na saa nane mchana njia uliyopitia kwa miguu mikavu itakuwa imezama kabisa.

Halmashauri ya Bandari hutoa jedwali la kujaa na kupwa kwa maji kila mwaka. Kama huna jedwali hilo, waulize wavuvi wa hapo, ambao wanazijua saa hizo kwa kuhesabu siku za mwezi. Usione haya. Msalimu mzee unayemkuta ufuoni, umwambie wewe ni mgeni, naye atakuonyesha pa kusimama na saa ya kuondoka.

Tazama kwa dakika 20

Jambo la pili ni upepo. Kusi, unaovuma kati ya Aprili na Septemba au hivi, huichafua bahari na kuleta mawimbi makubwa, hasa Juni hadi Agosti. Kaskazi, wa kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, kwa kawaida huja na bahari iliyo shwari zaidi. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi. Ukisikia tahadhari hiyo, ahirisha safari yako. Samaki watakuwapo wiki ijayo.

Ukishafika, usikimbilie kutupa ndoana. Simama mahali pa juu na pakavu, uitazame bahari kwa muda usiopungua dakika 20. Mawimbi hayalingani. Huja madogo madogo kwa dakika kadhaa, kisha yakafuata makubwa matatu au manne kwa mfululizo. Mtu aliyetazama kwa dakika mbili tu huyaona yale madogo akadhani bahari imelala. Wengi wanaochukuliwa na maji huchukuliwa na wimbi ambalo hawakulitarajia, si kwa sababu halikuwapo, bali kwa sababu hawakungoja kuliona.

Utazame na mwamba pia. Ukiwa umelowa, ujue wimbi limefika hapo na litarudi. Ukiwa na utando wa kijani kibichi au mweusi, hapo panateleza kama sabuni. Simama nyuma ya mstari huo. Tena, majabali mengi ya Pwani yetu ni matumbawe ya kale yaliyogeuka mawe. Mawimbi yameyala kwa chini, kwa hivyo juu utaona ukingo imara kumbe chini ni pango. Ukingo kama huo waweza kumeguka, na aliyeanguka hawezi kuupanda tena.

Kabla ya kuanza, jiulize: nikianguka hapa, nitatokea wapi? Kama huoni ufuo au ngazi iliyo karibu, tafuta mahali pengine.

Mavazi na vifaa

Vaa jaketi la kuokoa maisha, hata kama wenzako watakucheka. Vaa viatu vya kamba vyenye nyayo zinazoshika, wala si ndara au viatu vya mpira virefu, maana hivyo hujaa maji vikakuvuta chini. Nguo ziwe nyepesi. Kofia, shati la mikono mirefu na maji ya kunywa ni vitu vya lazima, kwani jua la Pwani likikupiga kichwani waweza kupata kizunguzungu, na kizunguzungu ukingoni mwa jabali ni hatari kubwa. Pombe iache nyumbani.

Beba kamba ndefu na mtungi mtupu wa plastiki uliofungwa kifuniko barabara. Mtungi wa lita 20 huweza kumfanya mtu mzima aelee. Simu yako itie ndani ya mfuko wa plastiki.

Usiende peke yako. Muwe wawili au watatu, na mtu wa nyumbani ajue mko wapi na mtarudi saa ngapi. Watoto wakae mbali na ukingo, wakiwa na mtu mzima ambaye kazi yake ni kuwaangalia wao tu, si kuvua.

Ukishaanza kuvua

Usiipe bahari mgongo. Hata unapotia chambo au kumtoa samaki ndoanani, geuza uso kuelekea majini. Kabla ya kurusha, tazama nyuma, maana ndoana inayorushwa yaweza kumnasa jicho anayepita.

Kama unatumia mshipi wa mkono, usiuzungushe vidoleni wala kwenye kiganja. Kolekole mkubwa akishika na kukimbia, nailoni hukata nyama hadi mfupani. Ndoana ikikwama kwenye mwamba, usishuke kwenda kuinasua. Kata mshipi, ndoana ni shilingi chache tu.

Ukinaswa na ndoana mwilini ikazama hadi kwenye kile kijino chake, usiivute kwa nguvu. Kata mshipi uende zahanati, na kama ni karibu na jicho, nenda hospitali moja kwa moja bila kuigusa. Mikwaruzo ya matumbawe nayo isidharauliwe. Ioshe kwa maji safi mengi na sabuni, utoe mchanga na vipande vyote, kisha umuulize daktari kuhusu sindano ya pepopunda. Wagonjwa wa kisukari wawe waangalifu zaidi, kwani kidonda cha mguu kwao hupona kwa taabu.

Samaki wenye miiba na sumu

Si kila kinachonaswa ni cha kushikwa kwa mkono mtupu. Tafi, samaki mtamu anayependwa sana Pwani, ana miiba yenye sumu mgongoni na tumboni. Ngogo ana miiba ya aina hiyo, naye taa ana mwiba mkiani. Katika maji ya kina kifupi huishi pia samaki anayefanana kabisa na jiwe, na anayemkanyaga hupata maumivu makali yasiyoelezeka.

Ukichomwa, tia sehemu hiyo katika maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia, kwa muda wa nusu saa hadi saa moja na nusu. Yapime kwanza kwa mkono usioumia ili usijiunguze. Joto hupunguza makali ya sumu ya aina hii. Baada ya hapo nenda ukamwone daktari.

Bunju, yule anayejijaza na kuwa kama mpira, mrudishe baharini. Sumu yake haiishi kwa kupikwa wala kukaangwa. Aliyemla huhisi ganzi midomoni na ulimini, kisha mwili hulegea na pumzi yaweza kukatika. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo haipo. Madaktari humsaidia mgonjwa kupumua hadi itakapoisha mwilini, kwa hivyo mkimbizeni hospitali mara moja.

Mtu akianguka majini

Ukianguka wewe, usipigane na mwamba. Mawimbi yatakupigapiga juu yake na kukuchana. Jisukume mbali na jabali, ulale chali, uelee, uinue mkono na kungoja msaada, au uyaache maji yakupeleke kuelekea ufuoni.

Akianguka mwenzako, usiruke kumfuata. Mara nyingi mtu anayezama humkumbatia mwokozi wake, wakafa wote wawili. Mrushie mtungi uliofungwa kamba, mpigie kelele aelee, usimwondolee macho, na mwingine apige simu 999 au 112, au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu.

Akitolewa majini akiwa hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mlazeni chali, mfungueni njia ya hewa kwa kuinua kidevu, mumpulizie pumzi tano mdomoni huku mmembana pua. Kama bado hajaanza kupumua, mkandamizeni katikati ya kifua mara 30, pumzi mbili, tena mara 30, bila kukoma hadi msaada ufike. Hata akizinduka na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali. Maji yaliyoingia mapafuni yaweza kumdhuru saa kadhaa baadaye.

Mwisho, uliza afisi ya uvuvi kuhusu leseni, na ujue kwamba ni marufuku kuvua ndani ya mbuga za baharini kama vile za Mombasa, Watamu na Malindi.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Ukizijua saa za maji, ukatazama kwa dakika 20, ukavaa jaketi na kwenda na mwenzako, utakuwa umejiepusha na sehemu kubwa ya hatari za mwambani. Na siku utakayoona bahari haikupendezi, kunja mshipi wako upitie sokoni ununue changu. Nyumbani watafurahi kukuona umerudi.