Kengele ikinyamaza, mbwa amepata ndege



Siku moja katika mkutano wa koperative tulikuwa tunalalamika juu ya kanga wanaofukua karanga. Mzee mmoja akauliza swali lililotuchekesha kwanza: "Na kule Marekani, wenye duka za nyama kila fasi, watu bado wanawinda na mbwa?" Ndiyo mzee, wanawinda. Na ukimfuata ile mbwa mpaka ndani ya kichaka, utakuta habari inayogusa mashamba tunayoyapumzisha kuliko inavyogusa bunduki.

Ndege mwenyewe anaitwa grausi. Iko jamaa ya kwale na kanga, kuku wa pori mwenye rangi ya majani makavu, uzito wake nusu kilo na kidogo zaidi. Shingoni ana manyoya meusi ambayo dume anayapanua kama kola akitaka kujionyesha. Anaishi Kanada na upande wa kaskazini wa Marekani, fasi ya baridi kali. Theluji ikiwa nyingi anajitupa ndani yake na kulala humo, maana ndani kuna joto kuliko nje. Na wakati wa baridi vidole vyake vinaota meno madogo-madogo kama ya kitana, ili asizame akitembea juu ya theluji.

Dume halii kama jogoo. Anasimama juu ya gogo lililoanguka, anapiga mabawa hewani, kwanza polepole halafu mbio, na sauti inatoka kama pikipiki ya zamani inayokataa kuwaka. Jike anataga chini kabisa, kwenye majani, mayai 9 hadi 14, na kuyalalia siku 24 hivi. Kuku wetu analalia 21, kwa hiyo mnaweza kupima wenyewe ni siku ngapi yule mama anakaa pale chini, mbele ya moto, mbweha na kila mwenye njaa.

Mbwa ambaye kazi yake ni kusimama

Mbwa wetu wa kuwinda mnamjua: masikio yamesimama, mkia umejikunja, habweki ovyo. Wazungu walimpeleka Ulaya miaka ya 1930 na leo anafugwa dunia nzima kwa jina la basenji. Kwa kuwa habweki, wazee walimfunga kengele ya mti shingoni ili wajue yuko wapi, na ili sauti ishtue nyama wakimbilie kwenye wavu.

Kule Michigan au Minnesota nako mbwa anavaa kengele, lakini maana yake imegeuka kabisa. Yule ni mbwa wa ndege, aina ya seta au pointa. Anatembea mbele, anapeleka pua huku na huku akikata upepo, na kengele inalia ndani ya kichaka ambamo bwana wake hamwoni. Ghafla kengele inanyamaza. Hapo mwindaji moyo unadunda, maana mbwa amepata harufu na amesimama kama sanamu, pua mbele, mguu mmoja pengine umebaki hewani. Harukii wala habweki. Anangoja.

Grausi naye anajificha akiamini rangi yake. Mbwa akisimama mbali, ndege anatulia. Akisogea hatua mbili zaidi, ndege anaruka kwa kishindo kabla mtu hajafika, na asubuhi yote imepotea. Ndiyo sababu mbwa mchanga anafundishwa siku nyingi kwa kamba ndefu, mara nyingi na njiwa wa kufugwa, mpaka ajue kuzuia mwili wake mwenyewe. Mimi hapa ndipo ninapowaheshimu hawa watu. Kufundisha mbwa kukimbiza nyama si kazi, ameshazaliwa nayo. Kumfundisha kusimama mbele ya nyama anayoitamani, hiyo ni kazi.

Mwindaji anaingia kichakani, ndege anapaa, miti inamficha, na mtu ana sekunde moja au mbili tu za kupiga. Mara nyingi anakosa. Akimpata, mbwa anamleta mdomoni bila kumtafuna. Halafu wengi wao wanafanya kitu ambacho mama yeyote anayechinja kuku atakielewa: wanapasua gole kuona ndege alikula nini. Wanakuta machipukizi, matunda ya mwitu, majani mabichi. Kwa njia hiyo wanajua kesho waende kichaka gani. Katika baadhi ya majimbo wanatuma hata bawa na manyoya ya mkia kwa wataalamu wa serikali, ili wajue kama mwaka ule watoto walikuwa wengi.

Mzee wetu aliuliza pia wanauza bei gani. Hawauzi. Hii inawashangaza wengi. Miaka ya 1800 ndege wa mwitu waliuzwa katika masoko ya miji yao kwa mafungu, wakisafirishwa kwa treni. Kulikuwa na njiwa wa mwitu waliokuwa wakifunika jua wakiruka. Soko liliwamaliza. Wa mwisho, jike aliyeitwa Martha, alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati mwaka 1914. Sheria ya mwaka 1900 ilikuwa imeshakataza kupitisha nyama ya magendo kutoka jimbo hadi jimbo, lakini kwa njiwa wale ilichelewa. Leo grausi wa mwitu ni wa sufuria ya nyumbani tu. Mwindaji analipa permi, anangoja msimu (Michigan inafungua tarehe 15 mwezi wa tisa), na kwa siku haruhusiwi kupita ndege 5, au 3 upande wa kusini wa jimbo. Tangu 1937 kuna pia kodi juu ya bunduki na risasi, na pesa yake inarudi kutunza wanyama na fasi wanapoishi.

Kichaka kikizeeka

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Mtu angedhani kwamba ukizuia bunduki, ndege watarudi. Jimbo la Indiana lilifunga uwindaji wa grausi mwaka 2015. Hawakurudi. Mwaka 2020 jimbo likamwandika kati ya ndege walio karibu kupotea kwao. Juu ya nini? Juu grausi hataki msitu mzee. Miti mikubwa inafunika jua, chini panakuwa wazi kama uwanja wa mpira, na tai anaona kila kinachotembea. Ndege huyu anataka miti michanga iliyosongamana kama vidole, ya miaka 5 hadi 15 hivi, ambamo mama anaficha watoto. Na watoto wenyewe, kama vifaranga vyetu, wiki za kwanza wanaishi kwa wadudu, kwa hiyo pawe na majani.

Kuna mti mmoja huko, aspeni, ambao unafanya kama mgomba: ukikata mama, mizizi inatoa watoto kila upande. Mtafiti Gordon Gullion alifanya kazi miaka mingi huko Cloquet, Minnesota, akifuata grausi na aspeni. Shauri lake lilikuwa watu wakate vipande vidogo kwa zamu, ili katika eneo moja pawe na kichaka kichanga cha kuficha watoto, cha umri wa kati, na miti mizee ambayo machipukizi yake ndiyo chakula wakati wa theluji. Vyote karibu-karibu, ndege avifikie kwa miguu.

Mnasikia kitu hapo? Kukata kipande, kulima, kuacha kipumzike, kwenda kipande kingine: babu zetu walifanya hivyo bila mtafiti. Kwale na kanga wetu si grausi na mimi siwezi kuwapa hesabu zile. Lakini nao wanataga chini, na watoto wao nao wanataka wadudu na majani ya kujificha. Leo mashamba yanapumzika mwaka mmoja au miwili, halafu moto. Wakati wa kiangazi tunachoma kilima chote siku moja, na mayai yanaiva hapo chini bila mtu wa kuyala. Halafu tunasema wawindaji ndio wamemaliza ndege. Wamechangia, sikatai, hasa wale wanaouza nyama ya pori barabarani. Sheria yetu ya uwindaji ya mwaka 1982 inajua permi na misimu; ni wangapi kati yetu wameshaiona?

Najua mtajibu: kanga anakula karanga zetu, tumfugie kichaka tena? Ni kweli, na siwezi kumwambia mama aliyepanda mara mbili kwamba avumilie. Hata kule, wenye miti ya matofaa walimchukia grausi aliyekuwa anakula machipukizi yao. Pengine kichaka kikae mbali na karanga, upande wa mto au mahali penye mteremko ambapo udongo unahitaji kushikwa hata hivyo. Na kianze kipande kimoja tu, kisichochomwa miaka mitano, mbwa wasiingie wakati wa kutaga. Hilo la mbwa litakuwa gumu kuliko la moto, nawaambia mapema.

Koperative yoyote yenye kipande cha namna hiyo, kikubwa au kidogo, ituandikie: kina miaka mingapi, kiko upande gani wa mashamba, na asubuhi mapema mnasikia ndege gani humo.