Uvimbe wa Taya kwa Watoto wa Kandokando ya Ziwa

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe nyingi mno, zisizoonekana kwa macho. Kila chembe ina amri zake: igawanyike lini, ikome lini, na ife lini ikiharibika. Kansa ni ugonjwa wa chembe zilizoacha kutii amri hizo. Sisi wa Kisumu na kandokando ya Ziwa Viktoria tunao mfano wake karibu, nao ni uvimbe wa taya uwashikao watoto, hasa wenye umri wa miaka 4 hadi 9.

Mwaka 1957 Daktari Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliwaona watoto wenye uvimbe huo, na mwaka 1958 akaandika habari zake. Mwaka 1961 yeye na wenziwe wawili walisafiri kwa motokaa toka Uganda hata kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ikadhihirika kuwa ugonjwa huu hupenda nchi zenye joto na mvua, palipo na malaria, wala hauonekani sana milimani. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walitambua kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo.

Karibu watoto wetu wote huambukizwa kirusi hicho wangali wadogo, na walio wengi hawaugui kansa. Lakini malaria ya mara kwa mara huzichochea chembe za damu zitengenezazo kinga zigawanyike sana, tena huwadhoofisha walinzi wa mwili. Katika kugawanyika huko, kipande cha kromosomu ya 8 huweza kukatika kikaungana na kromosomu ya 14. Kipande hicho kina jeni iitwayo MYC, iamrishayo chembe ikue. Mkulima wa mpunga wa Ahero atafahamu upesi: ni kama shamba lililokuwa likipewa maji kwa zamu, kisha likafunguliwa mfereji mkuu usiofungwa usiku wala mchana. Kwa desturi chembe iliyopotoka hivyo hujiua yenyewe. Lakini hapa kizuizi hicho nacho mara nyingi kimeharibika. Ndipo uvimbe uwezapo kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Wazazi, shikeni neno hili. Taya likivimba, meno yakilegea bila sababu, jicho likitokeza, au tumbo likifura, msiseme ni jino tu, wala msitafute mchawi. Mpelekeni mtoto hospitali siku ile ile. Kwa kuwa chembe hizi hugawanyika mbio, dawa za kansa huzishambulia vema, na uvimbe huweza kunywea kwa siku chache. Hata hivyo, kunywea si kupona. Mtoto akirudishwa nyumbani kabla ya kumaliza dawa, chembe zilizosalia zaweza kuanza upya. Wengi wafikao mapema na kumaliza matibabu hupona. Na kila usiku mtoto alale ndani ya chandarua, maana malaria ndiyo msaidizi wa adui huyu.