Je, Wajua? Kura ya Kibera Huanzia kwa Chifu

Je, wajua kwamba tarehe 27 Desemba 2007 Raila Odinga, mbunge wa Lang'ata na mgombea urais, alifika kituoni Kibera, mtaa wa Nairobi, kupiga kura na jina lake halikuonekana kwenye sajili? Alipiga baadaye siku hiyo hiyo, tume ya uchaguzi ilipoingilia kati. Sasa, ikiwa hilo lilimpata mtu ambaye kila mtoto wa Nairobi alijua anapigia kura wapi, mama mboga wa Gatwekera, humo humo Kibera, atakimbilia kwa nani? Ndiyo maana vikundi vya uhamasishaji mtaani vinapowaambia watu wakague sajili mapema, huwa havifanyi mzaha. Jina lako lisipokuwemo, siku ya kura wewe huwa mgeni tu pale kituoni.

Je, wajua kwamba eneo bunge la Kibra, ambamo Kibera imo, ni changa kuliko watoto wengi wanaokaribia kumaliza sekondari? Lilimegwa kutoka Lang'ata kwenye mipaka mipya ya 2012, Nairobi ilipotoka maeneo bunge 8 ikawa na 17, na likapata mbunge wake wa kwanza, Ken Okoth, mwaka 2013. Lina wadi tano: Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley/Kenyatta Golf Course. Ndiyo, uwanja wa gofu na Lindi wanamchagua mbunge mmoja.

Kawangware, mtaa mwingine wa Nairobi, nako ni vivyo hivyo. Iko Dagoretti Kaskazini, pamoja na Gatina na Kabiro, lakini pia na Kilimani na Kileleshwa. Mpangaji wa chumba cha mabati na mwenye fleti ya ghorofa ya nane wanapanga foleni tofauti, ila kura zao zinamwagwa kwenye kapu moja la mbunge. Kapu hilo halijui kodi ya nyumba.

Je, wajua kwamba karatasi ile ya kusubiri kitambulisho, ambayo kila kijana huiita "waiting card", haikusajilishi kuwa mpiga kura? Wala leseni ya udereva. Sheria inatambua viwili tu: kitambulisho cha taifa, au pasipoti ya Kenya ambayo muda wake haujaisha. Hapa ndipo kazi kubwa ya vikundi vya Kibera ilipo, nami nitakaa hapa kidogo, kwa sababu wanaotoka nje kuja kutuhamasisha hupapita mbio. Wao huja na fulana na spika za kukodi, wakaimba "jitokeze, jitokeze". Kijana wa Mashimoni, Kibera, amejitokeza toka asubuhi. Kinachomkwamisha ni cheti cha kuzaliwa, barua ya chifu, na mzazi ambaye kitambulisho chake kilipotea.

Kwa Mnubi wa Makina safari hiyo ilikuwa ndefu zaidi. Babu zake waliletwa na jeshi la Waingereza kutoka Sudan, wakatumika katika King's African Rifles, wakapewa makazi Kibera mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1918 ardhi hiyo ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Karne nzima baadaye kitukuu wa yule askari alipotimiza miaka 18 hakutoa alama za vidole akaenda zake kama jirani yake. Alipelekwa mbele ya kamati ya msasa, akaulizwa habari za babu na bibi, akatakiwa alete karatasi zao.

Je, wajua kwamba kesi ya watoto wa Kinubi ilifika hadi kwenye chombo cha Umoja wa Afrika? Mwezi Machi 2011, Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki za watoto hao. Ilikuwa mara ya kwanza kabisa kwa kamati hiyo kutoa uamuzi juu ya malalamiko yaliyoletwa mbele yake. Kibera iliifungulia ukurasa.

Je, wajua ni nani walioipeleka serikali mahakamani juu ya mradi wa utambulisho wa Huduma Namba? Mmoja wa walalamishi alikuwa Nubian Rights Forum, shirika la papa hapa Kibera, ambalo wasaidizi wake wa kisheria huwashika watu mkono kutoka fomu ya kwanza hadi kitambulisho kinapotoka. Mashirika makubwa ya haki za binadamu yalikuwa upande wao. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba mradi hauwezi kuendelea bila kanuni madhubuti za kulinda taarifa za watu, na kwamba kuchukua DNA na kuorodhesha mahali nyumba ya mtu ilipo ni kuingilia faragha kinyume cha Katiba. Kikundi kilichozoea kujaza fomu za jirani kikawafunza mawakili wa serikali somo la Katiba.

Wanaodhani mzigo huu wa karatasi ni wa jana, hebu wasikilize haya. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mkoloni alimlazimisha mwanamume Mwafrika kutembea na kipande ndani ya mkebe wa bati uliofungwa shingoni. Mwanamke hakuandikishwa kabisa. Hata baada ya uhuru aliachwa nje, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1978. Kwa hiyo ukimkuta shosho Laini Saba anakitunza kitambulisho chake ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya leso, ndani ya sanduku, usimcheke.

Je, wajua kwamba Waafrika wa Kenya walipopiga kura kuwachagua wawakilishi wao mara ya kwanza, Machi 1957, mtu mmoja aliweza kuwa na kura hadi tatu? Elimu, mapato na mali vilimwongezea mtu kura. Waliokuwa hawana vyote hawakuwa na hata moja. Na kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru, kisomo na mali havikutosha: ilibidi pia wawe na cheti cha utiifu kwa serikali ya kikoloni. Kiti cha Nairobi kilichukuliwa na Tom Mboya, aliyemshinda wakili Argwings-Kodhek.

Je, wajua kwamba mwaka 1988 Wakenya walipiga kura bila karatasi? Katika mchujo wa chama tawala, KANU, watu walijipanga nyuma ya mgombea au picha yake, hadharani, chifu akitazama. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa. Waliokuwepo watakwambia mlolongo mfupi uliweza kumshinda mlolongo mrefu. Mzee akisita kusema atampigia nani, kijana wa uhamasishaji asimbane. Amejifunza mahali.

Je, wajua kwamba mgombea ubunge lazima naye awe mpiga kura? McDonald Mariga, kiungo aliyekuwa Inter Milan iliponyakua Kombe la Mabingwa Ulaya 2010, aliwania Kibra mwaka 2019 baada ya kifo cha Ken Okoth. Mwezi Septemba msimamizi wa uchaguzi akamkatalia karatasi: jina lake halikuwa kwenye sajili. Alikuwa amejiandikisha wiki chache tu nyuma. Kamati ya tume ya kutatua mizozo ndiyo iliyomruhusu baadaye. Kwa siku kadhaa nchi nzima ilijadili sajili ya wapiga kura, jambo ambalo semina mia za mafunzo ya uraia hazijawahi kulifanikisha.

Na matokeo? Tarehe 7 Novemba 2019 Imran Okoth, mdogo wake marehemu, alishinda kwa kura 24,636. Mariga alipata 11,230. Eneo lilikuwa na wapiga kura waliosajiliwa zaidi ya 118,000. Yaani aliyeshinda hakufikisha hata robo yao, na kundi kubwa kupita yote lilikuwa la waliobaki nyumbani, kazini, au soko la Toi wakiuza mitumba.

Jambo jingine dogo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: kiti kikishatangazwa kuwa wazi, usajili katika eneo hilo husimama hadi uchaguzi mdogo upite. Kwa uchaguzi mkuu, husimama siku 60 kabla.

Je, wajua kwamba kutopiga kura si uvivu kila mara? Agosti 2017 karibu watu wanane kati ya kumi waliosajiliwa nchini walipiga kura. Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa rais, na kwenye marudio ya tarehe 26 Oktoba idadi ikaporomoka chini ya asilimia 40. Upinzani ulikuwa umetangaza kususia, na vituo vingi vya Kibera vilikaa vitupu. Sisemi walifanya vyema au vibaya. Nasema tu kwamba anayekuja na takwimu za idadi ndogo ya wapiga kura akaanza kuwahubiria watu juu ya wajibu, kwanza aulize mwaka.

Lakini 2022 hapakuwa na mgomo, na bado waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 65 ya watu milioni 22.1 waliosajiliwa. Vijana wa miaka 18 hadi 35 walikuwa asilimia 39.84 tu ya sajili, na idadi yao ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya asilimia 5 ikilinganishwa na 2017, ingawa kila mwaka maelfu hutimiza miaka 18. Usajili wa halaiki ulioanza Oktoba 2021 ulilenga watu milioni 6 ukapata kama milioni 1.5. Awamu ya pili, mwanzoni mwa 2022, ililenga milioni 4.5 ikapata kama milioni moja. Matamasha hayakukosekana.

Je, wajua kwamba hadi 2009 Kibera ilionekana kama doa tupu kwenye ramani nyingi? Mwaka huo vijana 13 wa mtaa, chini ya mradi wa Map Kibera, walizunguka na vifaa vya GPS wakiandika vichochoro, vyoo, zahanati, shule na vituo vya maji. Mwaka uliofuata ikazaliwa Voice of Kibera, iliyopokea habari za mitaani kwa ujumbe wa simu na kuziweka kwenye ramani hiyo. Ilitumika kufuatilia kura ya maoni ya Katiba ya tarehe 4 Agosti 2010, na tena uchaguzi wa 2013. Mtambo wake ulikuwa wa Ushahidi, programu iliyobuniwa Januari 2008 ili kunakili ghasia za baada ya uchaguzi zilizokuwa zikiendelea Kenya.

Ukisikia mwanasiasa akijigamba kwamba Kibera ina watu milioni, mnong'oneze: sensa ya 2009 iliwahesabu 170,070. Wengi hapa hawakuikubali hesabu hiyo, na mabishano bado yapo, ila sajili ya wapiga kura haisomi mabishano.

Je, wajua kwamba wakati wa ghasia za 2007 na 2008 kuna mtu aliyekuwa akipaka rangi? Msanii Solo 7 aliandika maneno ya kutafuta amani kwenye mabati, kuta na barabara za Kibera huku vibanda vikiteketea na reli iking'olewa. Redio ya mtaa, Pamoja FM, nayo ilikuwa hewani ikiwasihi watu watulie. Wanawake wa mtaa waliungana kudai amani, na kutoka kwao kikazaliwa kikundi cha Kibera Women for Peace and Fairness. Nchini kote walikufa zaidi ya 1,100. Mama aliyeona hayo hahitaji kuambiwa kura ni jambo zito. Anataka kuambiwa kwamba atarudi nyumbani salama, na kikundi chochote kinachomwalika kituoni bila kulijibu hilo kinampotezea muda.

Je, wajua kwamba hata mfungwa anaweza kupiga kura? Priscilla Nyokabi, aliyekuwa mkurugenzi wa shirika la Kituo cha Sheria, alipeleka shauri mwaka 2010, na wafungwa wakapiga kura ya maoni mwaka huo huo. Tangu 2017 humchagua rais, lakini si mbunge wala gavana.

Haraka haraka sasa. Kituo kimoja cha kupigia kura hakiruhusiwi kuwa na wapiga kura zaidi ya 700. Milango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, hufungwa saa kumi na moja jioni, na aliye kwenye foleni saa hiyo ana haki ya kupiga, hata kama jua litamzamia pale. Karatasi za kura katika uchaguzi mkuu ni sita. Asiyeona au asiyejua kusoma anaweza kuja na msaidizi wake mwenyewe, ila msaidizi huyo atakula kiapo cha siri na hatamsaidia mtu wa pili. Kijana anayepita kwenye foleni akijitolea kuwasaidia mashosho wote, mtazame mara mbili.

Usajili wa kuendelea ulirejea tarehe 29 Septemba 2025, tume ikilenga wapiga kura wapya milioni 6.3, na safari hii mboni ya jicho nayo inaweza kuchukuliwa pamoja na alama za vidole. Uchaguzi mkuu ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Aliyejiandikisha ushago na anataka kupigia Kibra au Kawangware lazima ahamishe kituo. Jina halimfuati mtu na basi la usiku.

Na kazi haiishii kwenye wino wa kidoleni. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa Juni 2017, katika kesi ya Maina Kiai na wenzake, matokeo ya urais yanayotangazwa kituoni ndiyo ya mwisho. Hakuna afisa wa Nairobi anayeruhusiwa kuyarekebisha. Fomu yake ni 34A, na nakala hubandikwa mlangoni. Mwaka 2022 tume iliziweka kwenye mtandao fomu za vituo zaidi ya 46,000, kila mwenye simu akajijumlishia. Aliyekuwa ameipiga picha ile ya mlangoni aliweza kuzilinganisha mbili hizo mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu.