Kilichotupwa Tudor hurudi na maji

Mwenye kutaka kuujua mji wa Mombasa asiutazame kutoka barabarani tu. Nyumba huelekeza uso wake njiani, ikapakwa chokaa, ikawekwa baraza na mlango wa kupendeza. Lakini nyumba ina mgongo pia, na nyumba nyingi za pande za Tudor, Mikindani, Mishomoroni na Jomvu migongo yao imeelekea majini. Mgongo huo hauonekani ila na mwenye kupita kwa chombo. Mimi niliuona Jumapili moja ya bamvua, kafi likiwa mkononi, na tangu siku hiyo nina neno moyoni ambalo sikuweza kulinyamazia.

Vijana wa mtaani petu wana desturi njema. Mara moja kwa mwezi hukusanyika ufuoni na mitumbwi, na hori mbili tatu wanazoazimwa na wavuvi, na vile viboti vyembamba vya plastiki vya mtu mmoja au wawili ambavyo wao huviita kayaki. Kila mtu ana kafi lake na gunia lake. Huingia ndani ya mkono wa bahari wa Tudor maji yakijaa, wakazoa taka zilizokwama mikokoni, wakarudi maji yakitoka. Waliniomba niandamane nao niwatungie wimbo wa kupigia kafi, kwa kuwa zile nyimbo za kimai walizoimba mababu zetu baharini wao hawazijui. Nami kwa kiburi cha utunzi nikakubali. Nilidhani mimi ndiye niendaye kuwapa kitu.

Nahodha wetu alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mvuvi tangu utotoni. Vijana walikuwa wametazama saa za maji katika simu zao. Yeye aliutazama mwezi tu. Ulikuwa umeandama juzi, akasema, basi maji yatajaa karibu na saa kumi alasiri. Tutoke baada ya Adhuhuri, maji yatusukume kwenda juu, na yakianza kurudi tusikawie, kwani mikokoni maji ya bamvua yakikukimbia utalala na kaa matopeni. Simu na mzee walikubaliana, na vijana wakacheka.

Tuliposhika njia, mzee alituhadithia habari za maji yale. Mkono huu wa bahari ulikuwa ndiyo barabara kuu ya kwenda bara kabla ya reli na lami. Jomvu, mmoja katika ile miji kumi na miwili ya Waswahili wa Mombasa, ni mji wa maji haya. Hata wale wamisionari Krapf na Rebmann walioanzisha makao yao Rabai mwaka 1846, njia ya kufika huko kutoka kisiwani ilikuwa ni kwa mashua kuupanda mkono huu, kisha kwa miguu kupanda kilima. Mahindi na kuku wa Wamijikenda walishuka kwa njia hiyo, na nguo na chumvi zikapanda. Watu walikuwa wakiyatazama maji haya kila siku, na mtu hatupi uchafu mahali anapotazama. Siku barabara ilipokuja ndipo mji ulipogeuka. Uso ukawa kwa magari, na mgongo ukawa kwa maji.

Basi na huo mgongo tukauona. Mifereji ya maji machafu inaporomoka mteremko mmoja baada ya mwingine. Chini ya kila kichochoro kinachoishia majini pana jaa. Mikoko yenyewe ilikuwa imevaa. Hakuna neno jingine. Kila tawi lililofikiwa na maji lilitundikwa matambara, nyuzi za nailoni, vipande vya nyavu na nepi za watoto. Chini yake champali, nyingi ajabu, na chupa, na vifuniko vya chupa visivyohesabika.

Kijana mmoja aliyesomea mambo ya bahari alitueleza kwa nini uchafu haundoki. Sisi hudhani kwamba maji yakitoka hutoka na kila kitu hadi bahari kuu. Sivyo. Mkono huu una mlango mwembamba na tumbo pana. Taka inayotupwa Mikindani hushuka na maji yakipwa, na kabla haijafika mlangoni maji hugeuka, nayo ikarudishwa juu. Hivyo mara mbili kwa usiku na mchana, juu na chini, hadi bamvua moja ikaipeleka ndani ya mikoko, na mizizi ikaikamata. Mti wa mchu hupumua kwa vile vijizizi vilivyochomoza matopeni kama vidole. Ukivifunika kwa plastiki umeuziba pua. Na mche mdogo wa mkoko ukiangukiwa na gunia, hauinuki tena. Mikoko ikifa, kamba, kaa na samaki wachanga wamekosa malezi, na mvuvi wa hori amekosa riziki.

Saa ya Alasiri ilituingilia karibu na upande wa Jomvu. Tulishuka penye nchi kavu, nami nikainama ufuoni kutia udhu kama nilivyozoea tangu mtoto. Mzee akanishika bega. Alikuwa na dumu la maji aliyoyateka nyumbani.

“Tumia haya, mwanangu,” aliniambia.

“Lakini maji ya bahari ni tohara, Mzee.”

“Ni tohara, nani atakataa? Lakini wewe umesoma. Maji yakigeuzwa na najisi, rangi yake au ladha yake au harufu yake, hukumu yake nini? Hebu yanuse.”

Niliyanusa. Sikusema kitu, nikapokea dumu. Tulisali watu kumi na wawili kwa dumu moja la maji, na mbele yetu bahari imejaa tele. Miaka yote niliyotunga mashairi ya kuisifu pwani yetu, jambo hilo sikuwa nimeliona.

Baada ya sala maji yalisimama, na ndiyo saa njema ya kazi. Vyombo vidogo viliingia baina ya mikoko, watu wakaaanza kuchomoa taka mizizini. Msichana mmoja, mwanafunzi wa sekondari, alikuwa na mwenziwe katika mtumbwi ulio karibu nasi. Aliwahi gunia la mchele, la nailoni, limefungwa mdomo kwa kamba na kukwama penye mizizi ya mkoko. Alilifungua ili amwage kilichomo. Kisha nikamwona ananyamaza, analichukua lile gunia kutoka sakafuni mwa mtumbwi, analipakata.

“Ami,” aliniita, “hebu njoo utazame.”

Ndani mlikuwa na juzuu. Juzuu za watoto wa chuoni, zile nyembamba, majalada yamechanika, pembe zimeloa, nyingine zimekauka na kugandana. Kurasa za ndani zilisomeka wazi.

Watu wote waliacha kazi. Kijana mmoja akasema kwa hasira, “Nani huyu asiye na haya?” Na mzee akanigeukia mimi: “Mwenye chuo ni wewe. Tufanyeje?”

Msomaji wangu, hapa ndipo nilipokuja. Ningaliweza kutoa fatwa yangu nikanyamaza. Lakini yule “nani asiye na haya” nilikuwa ninamjua.

Nilipokuwa chuoni, karatasi za Kurani zikichakaa mwalimu wetu hakuzitupa. Alizikusanya mwaka mzima, akazifunga kwa nguo nyeupe ya marikani, ndani akatia jiwe zito. Siku ya siku alituchukua watoto wawili wakubwa kwa dau hadi maji makuu, nje ya miamba, akasoma dua, akaliteremsha fungu kwa mikono miwili. Halikurushwa. Lilizama, na nguo na karatasi vikawa mchanga. Hiyo ndiyo adabu niliyofunzwa.

Na mimi, mwaka uliopita, nilisafisha kabati. Nilikuta juzuu za wanangu zilizoliwa na mchwa. Nikazitia ndani ya gunia la mchele, nikalifunga, nikampa kijana wangu nikamwambia, “Kazitie baharini.” Sikumpa nguo. Sikumpa jiwe. Sikumwuliza amezitia wapi. Niliona nimetimiza wajibu, nikarudi kwenye kalamu yangu. Desturi niliishika kwa jina, na adabu yake niliiacha.

Je, gunia lile lilikuwa langu? Nililipekua nikitafuta jina la mwanangu. Sikuona alama ya kunihukumu, wala sikuona ya kunitoa. Niliwaambia wale vijana yote hayo, pale pale mtumbwini, na uso wangu nimeuinamisha. Hakuna aliyenikemea. Yule kijana aliyekasirika alisema polepole, “Hata kwetu, Ami, ndivyo tufanyavyo.”

Tukalifunga gunia, msichana akaendelea kulipakata. Niliwaeleza waliyoyataja wanavyuoni: kuzika mahali safi pasipokanyagwa, au kuchoma kwa heshima, kama Sayidna Uthman bin Affan, radhi za Mungu zimshukie, alivyochoma nakala zilizobaki baada ya kuukusanya Msahafu, na walioruhusu maji wakataka fungu litiwe uzito lizame. Hakuna aliyeruhusu gunia la nailoni liachwe lielee. Siku ya pili tulimwendea imamu, akatuonyesha pembe moja ya ua wa msikiti, tukazizika hapo.

Jioni ile tulirudi na maji yakipwa, hori zimelala kwa uzito wa magunia. Nilikuwa nimeketi baina ya taka, na kila nilichokitazama nilimwona mwenyewe nyuma yake. Huyu wa nepi alisema, “Bahari itachukua.” Huyu wa chupa alisema, “Bahari itachukua.” Na mimi wa juzuu nilisema neno lilo hilo, na nia yangu ilikuwa njema. Kurani Tukufu katika Sura ya Rum imetaja ufisadi uliodhihirika bara na baharini kwa sababu ya matendo ya watu. Aya hiyo niliihifadhi ningali mtoto. Maana yake niliionyeshwa nikiwa na mvi.

Hatusemi kwamba hakuna kilichofanywa. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, na hakuna asiyekumbuka jinsi ilivyokuwa ikipepea mitini kabla ya hapo. Ndugu zetu wa Lamu nao walionyesha werevu wao: fundi Ali Skanda na wenziwe waliunda chombo kizima kwa plastiki na champali zilizookotwa, wakakiita Flipflopi, wakakishusha majini mwaka 2018, na mwaka 2019 kikasafiri kutoka Lamu hadi Unguja. Chombo hicho ni fahari yetu. Lakini hata fundi wa Lamu hawezi kuunda vyombo kwa kasi tunayotupa sisi.

Na yapo yasiyozoleka kwa gunia. Maji machafu ya mifereji hayataondoshwa na vijana wenye kafi. Hilo ni la wenye kusimamia mji, nao wapaswa kuambiwa wazi kwamba watu wanabeba dumu la udhu kwenda baharini.

Lililo letu ni dogo na ni zito. Wale vijana wamekwisha kuona kwamba kuzoa peke yake ni kuteka maji kwa pakacha. Mwezi ujao mikoko itakuwa imevaa tena. Kwa hivyo wameongeza jambo. Kila safari sasa humchukua mtu mzima mmoja kutoka mtaa mmoja wa ufuoni: mama wa nyumba, mwenye duka, mwalimu wa chuo. Hawamhubirii. Humpa kafi, wakampitisha nyuma ya nyumba yake, wakamwacha atazame. Mimi nilikuwa miongoni mwa wa mwanzo, bila ya kujua. Ewe msomaji, wakikubishia hodi, usiwaambie una shughuli. Kuondoa udhia njiani tumefundishwa kuwa ni sadaka, na maji haya yalikuwa njia kabla ya njia zetu zote.

Wimbo walionitaka niliwapa baadaye. Si ule niliokuwa nimekusudia. Mmoja huanza, na wengine hupokea mstari wa mwisho kwa pigo la kafi:

Nalotupa baharini, nalidhani limezama
Kumbe limo mikokoni, mizizini limekwama
Leo nimo mtumbwini, nimeliona ni zima
Maji ni mtu amini, amana huirudisha.